Losar ya Ladakh hatua kwa hatua: kalenda, taa za samli, supu ya tisa na mienge

#1 Mwanakalenda

Wakuu, salaam. Kila ikifika Desemba swali ni lilelile: kama Losar ni mwaka mpya wa Kitibeti na huangukia Februari au mapema Machi, hawa watu wa Ladakh, kaskazini mwa India, wanawasha taa na kukimbiza mienge Desemba kwa kalenda ipi?

Kalenda ni ileile, mwezi ndio tofauti. Losar ya Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ni tarehe 1 ya mwezi wa 1. Losar ya Ladakh ni tarehe 1 ya mwezi wa 11, yaani miezi miwili kabla. Anayekwenda Leh, mji mkuu wa Ladakh, mwezi Februari kutafuta Losar ya Waladakhi amechelewa. Atakuta Dosmoche, tamasha la monasteri la mwisho wa mwezi wa 12, na pengine Losar ya wakimbizi wa Kitibeti waishio Choglamsar, kilomita chache kutoka Leh, ambao wao hufuata tarehe ya Lhasa. Ni sikukuu mbili zenye jina moja katika bonde moja.

Mtiririko uko hivi. Tarehe 25 ya mwezi wa 10 ni Galdan Namchot, usiku wa taa, kumbukumbu ya Tsongkhapa, mwanzilishi wa madhehebu ya Gelug aliyefariki mwaka 1419. Tarehe 29 ni supu ya tisa. Jioni za 29 na 30 ni za mienge na chakula cha marehemu, na kila kijiji kina desturi yake kuhusu kipi kinatangulia. Tarehe 1 ndiyo Losar yenyewe. Wengi huiona Losar kama siku moja ya kula na kunywa. Ukiitazama kwa karibu, sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya tarehe 1, na ni kazi ya kutoa vitu nje: uchafu, maradhi, mikosi ya mwaka. Kisichotoka kabla ya alfajiri ya tarehe 1 kimeingia mwaka mpya pamoja nawe. Ndiyo maana mpangilio hauchezewi.

Sasa hesabu. Sisi tumezoea Hijria, ambayo haina mwezi wa ziada, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Kalenda ya Kitibeti hufuata mwezi pia, ila hurekebishwa isiachane na jua. Kanuni yake inasema miezi 65 ya jua ni sawa na miezi 67 ya mwandamo. Ziada ni miezi miwili, kwa hiyo takriban kila miezi 32 na nusu unaingizwa mwezi mmoja wa nyongeza. Ndiyo sababu Losar hii haitoki nje ya majira ya baridi.

Kisha kuna kuruka na kurudia tarehe. Mwezi mwandamo mmoja una wastani wa siku 29.53, lakini hugawanywa vipande 30. Kila kipande basi ni kama saa 23 na dakika 37, vingine vifupi zaidi, vingine virefu. Siku ya kawaida hupewa namba ya kipande kilichopo alfajiri. Kipande kikianza na kuisha katikati ya alfajiri mbili, namba yake inarukwa. Kikigusa alfajiri mbili, namba inarudiwa. Kwa hiyo unaweza kuona 17, 18, 20, au 8, 8, 9, na hakuna aliyekosea kuchapa.

Mifano: mwaka 2022 Namchot ilikuwa 18 Desemba na Losar 24 Desemba. Mwaka 2023 ilikuwa 7 na 13 Desemba, siku 11 nyuma. Mwaka 2024 Namchot haikurudi nyuma hadi Novemba, ilisogea mbele hadi 25 Desemba, kwa sababu mwezi wa ziada ulikuwa umeingia katikati.

Kosa la kawaida ni mtu kuchukua tarehe ya mwaka jana na kutoa 11. Kosa la pili ni kutumia orodha ya Bhutan, ambayo ina hesabu yake tofauti. Na ikitokea tarehe yenyewe unayoitaka imerukwa, usijipangie. Tangazo la monasteri ndilo hukata shauri.

#2 Kasri_la_Leh

Umeeleza vizuri, mkuu, ila umeruka sababu ya mwezi wa 11, na hapo ndipo wengi hudanganywa na vipeperushi vya utalii.

Simulizi yenyewe: mfalme Jamyang Namgyal, mwanzoni mwa karne ya 17, alitaka kupeleka jeshi nchi jirani ya Baltistan majira ya baridi. Akaambiwa si heri kutoka vitani kabla ya mwaka mpya. Akaamuru mwaka mpya usherehekewe miezi miwili mapema, kisha akaondoka. Vita vilimwendea vibaya: alishindwa na kutekwa na mtawala wa Skardu huko Baltistan, Ali Sher Khan Anchan, akaachiwa baada ya kumwoa binti wa mshindi, Gyal Khatun. Mtoto wao, Sengge Namgyal, ndiye aliyejenga kasri la ghorofa tisa linaloonekana juu ya mji wa Leh hadi leo.

Kushindwa vita na ndoa ni historia. Kuhamishwa kwa Losar ni simulizi, na mimi nina shaka nayo kwa sababu moja. Kongpo, kusini-mashariki mwa Tibet, mbali kabisa na Ladakh, wana mwaka mpya wao tarehe 1 ya mwezi wa 10, na wao pia husema mfalme wao aliuwahisha ili askari wale sikukuu kabla ya kwenda vitani. Simulizi moja, mfalme tofauti, mwezi tofauti. Na katika baadhi ya sehemu za Tibet kuna mwaka mpya wa wakulima, tarehe 1 ya mwezi wa 12. Mimi naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba zamani milima hii ilikuwa na miaka mipya mingi ya majira ya baridi, iliyofuata mavuno kuingia ghalani na jua kugeuka, na hadithi ya jeshi ikaja baadaye kueleza kwa nini ya Ladakh haifanani na ya Lhasa.

#3 Mwanakalenda

Nakubali shaka, lakini nisiitupe simulizi nzima. Wazee wa Ladakh wakiulizwa sababu hutaja jina la Jamyang Namgyal bila kusita, na hilo lenyewe ni sehemu ya sikukuu. Tuseme hivi: ndiyo sababu inayotajwa, na huenda si sababu iliyoanzisha. Tuendelee na mambo ya mikono. Jikoni yupo nani?

#4 JikoLaBaridi

Nipo. Supu ya tisa huitwa guthuk: gu ni tisa, thuk ni supu. Tisa ni ya tarehe 29 na pia ya viambato. Namba hiyo ndiyo sheria. Orodha ya viambato hubadilika nyumba kwa nyumba.

Kwa watu 8, kila mmoja akijaziwa bakuli angalau mara mbili, kipimo hiki hutosha: nyama ya kondoo au yaki gramu 400 iliyokatwa vipande vidogo, njegere kavu gramu 150, shayiri iliyokobolewa gramu 100, figili moja kubwa, vitunguu viwili, vitunguu saumu punje sita, jibini kavu gramu 60, majani ya mboga yaliyokaushwa kiasi cha konzi moja, na unga wa ngano gramu 600. Hivyo ni tisa. Maji lita 4 na chumvi havihesabiwi.

Jambo la kwanza linaloharibu supu hii ni kimo. Leh iko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Unayaona yanatokota, lakini njegere zinabaki kokoto. Loweka njegere na shayiri usiku kucha ndani, karibu na jiko, maana ukiziacha ghalani zitaamkia kwenye barafu na hazitakuwa zimenywa maji. Kisha zipike kwenye sufuria ya presha pamoja na nyama. Jibini kavu nalo liloweke. Ukilitia kavu litabaki kama changarawe.

Unga: kanda gramu 400 kwa maji kama mililita 200, uwe mgumu kuliko wa chapati. Uache dakika 20 umefunikwa. Kata vipande vidogo, vibonyeze kwa kidole gumba viwe kama vikombe, visishikane. Hivyo huingia kwenye sufuria baada ya figili kulainika.

Gramu 200 zilizobaki, kwa maji mililita 100, hukupa madonge 10 ya gramu 30, ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza ukishayafungua ndani na kuyafunga. Kila mlaji moja, mawili ya akiba. Ndani ya kila donge unaficha kitu cha kumtabiria au kumtania mtu. Makaa ni moyo mweusi. Sufu ni mtu mpole. Pilipili ni mdomo usiofunga. Chumvi kwa nyumba nyingi ni uvivu. Maana hubadilika, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kupakua; ugomvi wa "kwetu chumvi ni heri" huanza mezani.

Makosa ya madonge ni matatu. La kwanza, kuyaacha mazito katikati: kwa nyuzi 88 kiini hubaki kibichi. Ganda liwe milimita 4 au 5, ndani wazi. La pili, kuyapika kwenye supu yenyewe. La chumvi likipasuka sufuria nzima imekwisha. Yachemshe peke yake dakika 12 hadi 15, uyatie kwenye bakuli wakati wa kupakua. La tatu, kutumia karatasi yenye wino. Karatasi iwe tupu.

Donge haling'atwi. Hufunguliwa kwa mkono, mbele ya watu, na aliyepata makaa hana pa kujificha.

#5 Chumbageni

Asante dada. Swali: nimesoma kwamba bakuli halimalizwi. Kweli? Kwetu kubakisha chakula ni dharau kwa mpishi.

#6 JikoLaBaridi

Kweli, na ndiyo shughuli yenyewe. Mabaki ya kila bakuli hukusanywa kwenye chombo kimoja kikuukuu ambacho hakitarudi jikoni. Humo huwekwa sanamu ndogo ya mtu iliyofinyangwa kwa unga. Kila mmoja hupewa pia kipande cha unga mbichi. Hukikamata kwa nguvu kiganjani mpaka alama za vidole zikae, kisha hukipitisha mwilini, hasa panapouma: goti, mgongo, kichwa. Kipande hicho nacho huenda kwa sanamu. Ndiyo kusema maradhi ya mwaka yamehamia kwenye unga.

Chombo hubebwa gizani hadi njia panda na kuachwa huko. Aliyekibeba hageuki nyuma. Na hapa watu hukosea kwa kutengeneza vipande vya kujisugulia kwa unga uliobaki wa kula, halafu mtoto akachanganya. Kanda unga wa pembeni, mweusi kidogo au wenye maji zaidi, usifanane.

Kuhusu pombe ya shayiri, chang, kwa ufupi: shayiri hupikwa, hupoozwa mpaka iwe vuguvugu, ndipo huchanganywa na phabs, yaani hamira ya vidonge iliyosagwa. Ikiwa ya moto, hamira inakufa. Ikiwa baridi, haiamki. Chombo hufungwa mablanketi na kuwekwa jikoni siku kadhaa, na majira ya baridi ziongeze. Ndiyo maana chang ya Losar huanzwa kabla ya Namchot, si baada yake. Kikombe cha mgeni hupakwa siagi kidogo ukingoni kabla ya kumiminiwa. Kama alama hiyo haipo, amepewa kinywaji, hajapewa heri.

#7 Utambi

Naongeza kuhusu taa za tarehe 25, maana usiku huo ndio picha nyingi hupigwa na ndio taa nyingi huzimika.

Siagi mbichi ina maji karibu asilimia 16. Ukiitia kwenye taa ilivyo, utambi unarusha cheche, unanuna, unazima. Lazima iyeyushwe kwanza iwe samli: moto mdogo mpaka povu litulie na sauti ya kuchemka iishe, chuja kwa kitambaa. Siku hizi wengi hutumia samli ya mafuta ya mimea, ambayo ni nafuu na haina maji.

Utambi ni pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti chembamba kikavu. Kijiti husimama kwenye tundu dogo lililopo chini ya kikombe cha taa. Ncha ibaki milimita 5 hivi juu ya samli. Ikizidi inatoa moshi, ikipungua inazama.

Kinachowashinda wengi ni baridi. Samli ikimiminwa ya moto kwenye kikombe baridi hujivuta inapoganda na kuacha shimo kuzunguka utambi. Ukiiwasha, moto unakula samli ya shimoni na kuzima huku kikombe kimejaa. Dawa yake: mimina mara mbili. Mara ya kwanza robo tatu, iache igande, kisha jaza. Kwa taa za juu ya paa, usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri, tumia utambi mnene kidogo kuliko wa ndani, kwa sababu mwali mdogo hauwezi kuyeyusha samli iliyoganda kando yake. Upepo nao: ziweke nyuma ya ukuta mfupi wa ukingo wa paa, au ndani ya kopo lililokatwa upande mmoja.

Na jambo la usalama ambalo vitabu husahau. Paa za Ladakh ni bapa, na majira ya baridi ndipo panapowekwa nyasi kavu za mifugo na kuni. Taa mia moja kando ya nyasi ni mzaha mbaya. Hamisha nyasi upande mmoja wa paa, taa ziwe upande ambao upepo unatoka nyasini kwenda kwenye taa, si kinyume chake. Baadhi ya monasteri nazo zimehamishia taa kwenye chumba cha pekee, kwa sababu masizi hula picha za ukutani.

#8 Kasri_la_Leh

Hapo kwenye upepo nakazia, na mienge iko vilevile. Msafara wa mienge unaitwa metho. Hautoki ili kuangaza. Kazi yake ni kusindikiza kibaya hadi nje ya makazi na kukitupa huko. Kwa hiyo kipimo cha mwenge ni umbali: lazima ufike mwisho wa kijiji ukiwa bado unawaka. Ukizima katikati ya nyumba, watu hawafurahi.

Kuni Ladakh ni chache. Kinachotumika ni matawi ya malchang na yarpa, miti inayopandwa kando ya mifereji, yaliyokauka tangu vuli. Fungasha matawi membamba nje na manene katikati, mpini urefu wa mita moja na nusu. Funga kwa waya sehemu tatu. Kamba huungua, fungu hufumuka, na kaa hudondokea mabegani mwa aliye mbele. Tairi lisitumike kamwe: linawaka sana, ndiyo, lakini linadondosha lami ya moto, na bonde la majira ya baridi hushika moshi hadi asubuhi. Mreteni, shukpa, hauchomwi kwenye mwenge. Ule ni wa kufukiza. Kuugeuza kuni za kufukuzia mikosi ni kama kusafishia viatu kwa kitambaa cha kilemba.

Mwendo: watoto katikati, mienge pembeni, mtu mmoja nyuma akiwa na ndoo ya udongo. Ndoo ya maji huganda. Mkishatupa, mnarudi kwa njia isiyopita pale mlipotupia.

#9 Chumbageni

Na marehemu? Mwanakalenda amewataja kwa neno moja tu.

#10 Mama_wa_Kushoto

Chakula cha marehemu huitwa shimi. Hupelekwa mwishoni mwa mwezi wa 10, kabla ya tarehe 1, kwa sababu nao wanaufunga mwaka. Hupikwa chakula kilekile cha sikukuu, sehemu ya kwanza hutengwa kabla ya aliye hai kuonja, na kupelekwa mahali familia inapochomea maiti zake. Kuonja kwanza ni kosa. Kuwapelekea mabaki ni kosa kubwa zaidi.

Haifanywi na nyumba peke yake. Ladakh kuna phaspun, kundi la nyumba zinazoabudu lha mmoja, yaani mungu mlinzi mmoja, na kusaidiana katika uzazi, ndoa na hasa msiba. Wao ndio hushughulikia maiti. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anakwenda na nani kwenye shimi, usiulize ukoo, uliza phaspun.

Kabla hamjafika tarehe 1 kuna lhatho, kijimnara cha mawe cha huyo lha, juu ya paa au mlimani. Matawi ya mreteni ya mwaka mzima yamekauka juu yake. Huondolewa na kuwekwa mabichi. Mreteni hukatwa kwa kiasi, tawi moja moja, kwa mti hukua polepole sana kwenye nchi kavu ile.

Jikoni, ukuta ule mweusi kwa moshi hupambwa kwa nukta na michoro ya unga mweupe. Utaona mbuzi mwitu wa milimani mwenye pembe ndefu zilizopinda, skin kwa Kiladakhi. Huyo hufinyangwa pia kwa unga na kusimamishwa rafuni. Ni ishara ya kuzaa na neema. Pembe hufinyangwa kando na kuunganishwa kwa kijiti. Ukizitoa kwenye donge moja zitalala kabla unga haujakauka.

#11 Tarumbeta_Ndefu

Wakuu, naona watu wanauliza kwingine kama Losar ndiyo ile ngoma ya vinyago. Hapana. Vinyago ni cham, ngoma ya watawa, na ina tarehe zake. Ya kwanza kubwa baada ya Losar ya Ladakh ni Gustor ya monasteri ya Spituk, tarehe 28 na 29 ya mwezi wa 11, karibu mwezi mzima baadaye. Gu ni ileile tisa. Gustor ni sadaka ya tarehe 29. Dosmoche ya Leh, Likir na Diskit ni tarehe 28 na 29 ya mwezi wa 12. Ya monasteri ya Matho ni tarehe 14 na 15 ya mwezi wa 1, na kule kuna waaguzi wawili wa Rongtsan, watawa wanaopandwa na roho na kukimbia juu ya kuta za monasteri macho yamefunikwa. Matho ni ya madhehebu ya Sakya, pekee Ladakh nzima. Ina haki ya uzi wake, siigusi zaidi.

Cham inavyokwenda Spituk: watawa hukaa kwenye sala siku kadhaa ndani kabla ya mtu yeyote kuona kinyago. Wanachokifanya uani ni hitimisho la kazi hiyo. Uani husafishwa barafu, hunyunyizwa udongo au majivu, maana viatu vya ngoma vina soli ya kitambaa na ngozi na huteleza vibaya. Mchezaji wa kinyago huona kupitia mdomo wa kinyago, si macho, hivyo haoni miguu yake. Duara lililochorwa chini kwa chokaa linamwelekeza. Mgeni anayesogea hatua mbili ndani ya duara apige picha amemwondolea mtu dira.

Wacheza wa kofia nyeusi hawavai vinyago. Ngoma yao hukumbusha Lhalung Pelgyi Dorje, mtawa anayesimuliwa kumwua mfalme Langdarma mwaka 842 kwa mshale uliofichwa katika mikono mipana ya vazi. Angalia mikono ya mavazi yao utaelewa kwa nini ni mipana.

Kilele ni linga, sanamu ya unga iliyowekwa katikati. Huchomwa kwa phurba, jambia la pembe tatu, hukatwa vipande na kutawanywa. Wengi huandika kwamba ni "adui wa dini". Kwa watawa adui huyo ni ujinga na nafsi. Halafu storma, sadaka kubwa ya unga wa shayiri iliyokaangwa, hubebwa nje kwa msafara na kutupwa motoni. Inapotupwa usisimame mbele yake. Simama pembeni au nyuma. Hii si adabu tu: kinachotupwa kinaaminika kuelekea kule kilikoelekezwa.

Ala: tarumbeta ndefu za dungchen, zumari za gyaling, matoazi, ngoma. Zumari ndizo huteseka na baridi. Pumzi yenye unyevu huganda na kikonyo cha kupulizia hakitoi sauti. Wapigaji huzificha ndani ya joho mpaka zamu yao.

#12 Mwanakalenda

Shukrani, Tarumbeta. Nyongeza moja kwa wachonga sadaka: mapambo ya siagi kwenye storma hufinyangwa na vidole vilivyochovywa maji baridi, ili siagi isiyeyuke mkononi. Kufanya hivyo Januari Ladakh si mchezo. Bakuli la maji vuguvugu huwekwa kando ya kuamshia vidole, na wanaobadilishana haraka ndio humaliza na maua yaliyonyooka.

#13 Chumbageni

La mwisho kwangu, wakuu. Vile vibakuli saba vya maji mbele ya madhabahu ya nyumbani: kwa baridi hiyo havipasuki?

#14 Utambi

Vya shaba hupinda kitako, vya kioo hupasuka. Asubuhi hujazwa kuanzia kushoto kwenda kulia, nafasi ya punje moja ya shayiri kati ya kibakuli na kibakuli, na maji yaishie punje moja chini ya ukingo. Jioni, kabla jua halijazama, humwagwa kuanzia kulia, vikafutwa kwa kitambaa kikavu na kufudikizwa. Hiyo ni desturi ya mwaka mzima, ila majira ya baridi usichelewe. Ukisahau na ukakuta barafu, usimwagie maji ya moto. Vipeleke vyote saba karibu na jiko, viachie vyenyewe, na maji yake yamwagwe kwenye mti, siyo mlangoni. Mlangoni yataganda, na mgeni wa kwanza wa tarehe 1 ataingia kwa mgongo.